Kidonge cha Mboga Zilizochachushwa, au Miguu Yako Mwenyewe?

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kukutana na mtu huyu. Amevaa nadhifu, ana mkoba wenye vikaratasi vya rangi, naye hukuuliza kwa upole: "Mama, umewahi kupima mafuta ya damu?" Kabla hujajibu amekwisha kutoa chupa. Ndani yake mna vidonge vya mboga zilizochachushwa, kabichi na figili na vitunguu saumu vya Mashariki ya Mbali, ambavyo kwa maneno yake "husafisha mishipa", "huyeyusha mafuta" na "huondoa sumu zote mwilini". Ukiuliza bei, unatajiwa fedha ambazo zingenunua mchicha wa nyumba nzima kwa wiki nyingi.

Hatutaki kumcheka mtu huyo. Katika maneno yake mna punje ya ukweli, na ndiyo maana watu wenye akili zao timamu hununua. Hatari iko kwingine. Baba mwenye presha na kolesteroli ya juu alipewa dawa hospitali, dawa za kunywa kila siku. Dawa hizo hazimpi nafuu anayoweza kuihisi, maana hata ugonjwa wenyewe hakuuhisi. Sasa anaambiwa kwamba za hospitali ni kemikali na hizi za mboga ni za asili. Anaziacha za hospitali. Miezi kadhaa baadaye anapata kiharusi akiwa shambani, na familia inabaki kuuliza ni nani aliyemroga.

Mwezi huu basi tuichambue habari hii ya mboga zilizochacha, mafuta ya damu na mazoezi, tuone punje ya ukweli ni ipi na makapi ni yapi.

MAFUTA YA DAMU NI KITU GANI?

Kolesteroli, ambayo vitabu vingine huiita lehemu, si sumu. Ini letu lenyewe huitengeneza kila siku. Mwili huitumia kujengea kuta za chembe hai, kutengenezea homoni, na kutengenezea nyongo ile inayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Asiye na kolesteroli kabisa hawezi kuishi.

Lakini mafuta na maji havipatani. Mama yeyote aliyeipua supu ya nyama na kuiacha ipoe anajua: mafuta huelea juu na kuganda. Kwa kuwa damu kwa sehemu kubwa ni maji, mwili hufunga mafuta hayo katika vifurushi vyenye protini ndipo yaweze kusafiri. Kifurushi kiitwacho LDL hutoa kolesteroli kwenye ini na kuisambaza mwilini. Kile kiitwacho HDL hukusanya iliyobaki na kuirudisha kwenye ini. Tena kuna mafuta mengine yaitwayo trigliseridi, ambayo ni akiba ya nguvu. Hayo hupanda hasa kwa mtu anayekula na kunywa kuliko anavyofanya kazi, na yanapenda sana sukari na pombe. Mtu anayekunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari mara tatu kwa siku, halafu jioni anamalizia na bia, asishangae maabara ikimwambia trigliseridi ziko juu hata kama hagusi nyama.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, kolesteroli yote kwa jumla inafaa iwe chini ya 5.2 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na trigliseridi chini ya 1.7. HDL ni vizuri ivuke 1.0 kwa mwanamume na 1.3 kwa mwanamke. LDL haina namba moja inayomfaa kila mtu. Mwenye kisukari au aliyewahi kupata kiharusi hutakiwa kuishusha zaidi kuliko jirani yake mzima. Kwa hiyo usilinganishe cheti chako na cha mwenzako. Mpelekee tabibu akisome pamoja na presha yako, umri wako na kama unavuta sigara.

LDL ikizidi kwa miaka mingi, hupenya ndani ya ukuta wa mshipa na kubaki humo. Hapa tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo neno "kusafisha" linapowadanganya wengi. Mafuta haya hayakai juu juu kama masizi ndani ya chungu, useme utayasugua yatoke. Yamo ndani ya ukuta wenyewe, chini ya ngozi yake laini, kama unyevu ulioingia ndani ya ukuta wa nyumba nyuma ya plasta. Siku plasta inapopasuka, damu huganda hapo na kuziba njia. Ikiwa ni mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ikiwa ni wa ubongo, ni kiharusi. Mpaka siku hiyo mtu hahisi kitu. Shingo kuuma au macho kuwa mazito si alama ya kolesteroli. Njia ya kujua ni kupima damu.

KUCHACHA SI KUOZA

Watu wengine wakisikia chakula kilichochacha hukunja pua. Lakini nani kati yetu hajanywa togwa, au mtindi, au uji wa unga ulioachwa ukapata ukali wake mtamu? Vyote hivyo ni kazi ya bakteria wadogo ambao hula sukari iliyomo katika chakula na kutoa asidi. Asidi hiyo huwafukuza bakteria wabaya, na chakula hukaa muda mrefu bila kuharibika. Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini walijua kuwa kibuyu cha maziwa kina ufundi wake.

Kwa upande wa mboga, mabingwa wa kazi hii ni Wakorea. Chakula chao kiitwacho kimchi ni kabichi ya Kichina au figili iliyotiwa chumvi, pilipili, tangawizi na vitunguu saumu, ikaachwa ichachuke. Kipindi cha kuelekea majira ya baridi, familia na majirani hukusanyika kutengeneza kimchi ya kutosha miezi yote ya barafu, na kugawana na wasio nayo. Desturi hiyo inaitwa kimjang, na mwaka 2013 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Wajerumani nao wana kabichi yao chachu. Kapteni James Cook wa Uingereza alipoanza safari yake ya kuzunguka dunia mwaka 1768 alipakia kabichi hiyo melini ili mabaharia wasipate kiseyeye.

Je, mboga hizi hushusha mafuta ya damu? Wakorea wenyewe wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2011 walichapisha jaribio la watu 22 wanene, waliokula kimchi mbichi kwa wiki nne, na kimchi iliyochachuka kwa wiki nne nyingine. Walipokula iliyochachuka, kolesteroli, sukari ya damu na presha vilishuka zaidi. Mwaka 2013 yakatoka matokeo mengine: vijana 100 wenye afya walikaa bweni moja kwa siku saba, nusu wakila gramu 15 za kimchi kwa siku na nusu gramu 210. Kolesteroli ilishuka katika makundi yote mawili.

Muuzaji atakuonyesha sentensi hiyo ya mwisho na kuipigia mstari. Lakini isome tena taratibu. Ikiwa aliyekula kijiko kimoja cha kimchi alishuka na aliyekula bakuli zima naye alishuka, basi inawezekana kabisa kilichowashusha ni chakula cha bweni chenye kipimo, wala si kimchi. Tena siku saba na watu 22 ni kidogo mno kutangazia dunia dawa. Na katika majaribio hayo watu walikula chakula chenyewe kwenye sahani; hawakumeza kidonge chake.

Hata hivyo kuna sababu ya kuamini kwamba mboga zilizochacha zinaweza kusaidia kidogo. Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia kolesteroli. Kwa kawaida nyongo ikimaliza kazi tumboni hurudishwa kwenye ini itumike tena. Lakini nyuzinyuzi za mboga huinasa sehemu yake na kutoka nayo chooni, na baadhi ya bakteria wa vyakula vilivyochacha huivunja isiweze kurudi kirahisi. Ini likikosa nyongo yake ya zamani hulazimika kutengeneza mpya, na kwa ajili hiyo huvuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Kazi hiyo hiyo hufanywa na maharage, kunde, bamia na mlenda bila kutiwa kwenye chupa. Kidonge kimoja kina mboga kiasi gani? Pima mwenyewe kwa mkono: uzito wa vidonge viwili haufiki hata jani moja kubwa la kabichi.

Kuna jambo ambalo muuzaji halitaji, nalo ni chumvi. Gramu 210 za kimchi yenye chumvi asilimia 2 zina zaidi ya gramu 4 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Kwa mwenye presha hiyo ni kutibu jicho kwa kutoboa sikio. Korea ni mojawapo ya nchi zenye saratani nyingi ya tumbo, na mwaka 1993 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka mboga za kuhifadhiwa kwa njia ya jadi ya Asia katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Hiyo haina maana kwamba kijiko kimoja cha kabichi chachu kitakudhuru. Maana yake ni kwamba hiki ni kitoweo cha pembeni cha kuonja, kisigeuzwe kuwa mlo.

DAWA ILIYOTOKA KWENYE UKUNGU

Wasomaji wapenda hadithi za uvumbuzi watafurahi kujua kwamba dawa kubwa ya kolesteroli iliyopo leo hospitalini ilitoka katika dunia hii hii ya vitu vinavyochacha. Huko Japani mtaalamu aitwaye Akira Endo alichunguza aina zaidi ya 6,000 za ukungu na vijidudu vingine, akitafuta kitu cha kulizuia ini lisitengeneze kolesteroli kupita kiasi. Mwaka 1973 alikipata katika ukungu wa kijani-buluu uliotoka kwenye mchele. Hiyo ndiyo mama wa dawa ziitwazo statini. Mwaka 1979 Endo akakuta kitu kama hicho katika ukungu mwekundu ambao Wachina na Wajapani wameutumia karne nyingi kuchachusha mchele. Statini ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987, na tangu hapo dawa hizi zimewaepusha watu wengi na shambulio la moyo.

Kwa hiyo ni kweli kwamba uchachushaji unaweza kutoa kitu chenye nguvu. Na kitu chenye nguvu huhitaji kipimo. Mwezi Machi 2024 kampuni ya Kobayashi Pharmaceutical ya Osaka ilirudisha kutoka madukani vidonge vyake vya mchele mwekundu uliochachushwa, vilivyouzwa kama kirutubisho cha kushusha kolesteroli bila cheti cha daktari. Watu walikuwa wakiharibika figo. Kabla mwezi huo haujaisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamelazwa, na vifo vitano vikawa vimeripotiwa na kuanza kuchunguzwa. Wachunguzi walikuta sumu iliyotokana na ukungu mwingine ulioingia wakati wa kuchachusha. Jambo hilo lilitokea Japani, nchi yenye maabara na wakaguzi. Sasa fikiria chupa isiyo na namba ya toleo wala tarehe ya kwisha muda, iliyosafiri kwenye begi la mtu.

KUTU NA LIMAU

Neno jingine lililo midomoni mwa wauzaji ni antioksidanti. Tulieleze kwa mfano wa jikoni. Ukikata parachichi na kuliacha mezani, baada ya muda hubadilika rangi na kuwa la kahawia. Hewa ya oksijeni imelipata, kama inavyopata jembe la chuma na kulitia kutu. Ukilikamulia limau, hukawia kubadilika. Ile limau imefanya kazi ya antioksidanti.

Ndani ya mwili kitu cha namna hiyo hutokea pia. Tunapopumua na kutumia chakula, hujitokeza chembe korofi zinazoharibu jirani zao. LDL iliyoko kwenye ukuta wa mshipa ikiguswa nazo huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo wataalamu walifikiri hivi: tukiwapa watu vidonge vya vitamini C, E na karotini, mishipa itapona. Lilikuwa wazo zuri, na lilijaribiwa sawasawa.

Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Ufini, wanaume 29,133 waliovuta sigara walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliomeza vidonge vya karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiomeza, kwa asilimia 18. Mwaka 1996 jaribio jingine huko Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu hiyo hiyo. Uingereza, watu 20,536 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo walishiriki katika jaribio lililotangazwa mwaka 2002: vidonge vya vitamini havikuwakinga kitu, ila statini iliwakinga.

Karoti na mchicha havina kosa hapa. Karotini iliyomo katika karoti huja pamoja na mamia ya vitu vingine, kwa kiasi ambacho mwili unakijua. Ikinyofolewa peke yake na kushindiliwa kwenye kidonge, inakuwa jambo jingine kabisa.

Tena kuna ajabu nyingine, na hii ndiyo inayotuleta kwenye mazoezi. Mtu anapokimbia au kulima, mwili wake hutoa zile chembe korofi kwa wingi kuliko akikaa. Ungedhani basi mazoezi ni hatari. Kumbe mwili ukishtuliwa hivyo hujijengea ulinzi wake wenyewe, kama kijiji kinachoanzisha sungusungu baada ya wizi mdogo. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki nne. Nusu walimeza vitamini C na E kwa wingi, nusu hawakumeza. Wale wasiomeza walifaidika: miili yao ilitumia sukari vizuri zaidi na kinga yao ya ndani ikapanda. Wale waliomeza walitoka jasho lile lile, lakini faida hiyo haikuonekana kwao. Kidonge kilikuwa kimeunyamazisha mwili usisikie kengele. Mtu anayetoa pesa yake kununua vidonge vikali vya antioksidanti ili "aongezee nguvu" mazoezi yake anaweza kuwa anajipunguzia.

UTINGO WA LONDON NA MCHUNGAJI WA KIMASAI

Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari Jerry Morris wa Uingereza alijiuliza kwa nini shambulio la moyo lilikuwa likiongezeka. Akawatazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na utingo walitoka mitaa ile ile, wakala chakula kile kile, wakafanya kazi ndani ya basi lile lile. Tofauti yao ilikuwa moja: dereva alikaa siku nzima, na utingo alipanda na kushuka ngazi za basi mara mamia akikata tiketi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953. Mautingo walipata maradhi ya moyo kidogo sana kuliko madereva, na walipoyapata hayakuwa makali vile. Dakta Morris mwenyewe aliyafuata mafundisho yake, akafariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Kwetu tuna mfano ambao wataalamu wa dunia wamekuja kuutazama mara nyingi. Mwaka 1964 Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha habari za wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika. Watu hawa waliishi kwa maziwa na nyama, chakula ambacho kitabuni kingewaua wote, lakini kolesteroli yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache. Mwaka 1972 walieleza kwamba walipochunguza mishipa ya marehemu 50 wa Kimasai, waliyakuta mafuta ndani ya kuta, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi kwamba damu ilipita bila shida. Mann aliamini mwendo wao wa kila siku ndio ulioipanua. Miaka miwili baadaye akaandika jambo jingine: aliwanywesha vijana wa Kimasai maziwa mengi yaliyochachuka, na kolesteroli ilishuka hata kwa waliokuwa wakinenepa. Unaona basi kwamba habari ya vitu vilivyochacha na mafuta ya damu haikuhitaji kutoka Mashariki ya Mbali. Ilikuwa ndani ya kibuyu chetu.

Mwaka 2010 watafiti walirudi tena Tanzania. Safari hii waliwalinganisha Wamasai na wakulima wa vijijini na watu wa mjini, karibu watu elfu moja kwa jumla. Wamasai, pamoja na mafuta yote wanayokula, walikuwa na hali nzuri kuliko wengine katika uzito, kiuno, presha na mafuta ya damu. Na katika kutumia nguvu za mwili kila siku waliwazidi watu wa mjini karibu mara tatu. Lakini asitokee mtu wa mjini akaiga sahani ya Mmasai na kuacha miguu yake.

Mazoezi hufanya nini hasa kwenye damu? Tuwe wakweli. Hushusha trigliseridi vizuri, na mwendo wa leo huonekana kwenye damu ya kesho. Hupandisha HDL kiasi. LDL huishusha kidogo tu, isipokuwa mtu akipungua uzito. Zaidi ya mafuta, hushusha presha na sukari, na hufanya mishipa iwe laini. Faida hizo hudumu kadiri unavyoendelea. Ukiacha mwezi mzima, mwili unasahau.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ni kama nusu saa kwa siku tano. Mama anayechota maji, kulima na kutwanga amekwisha maliza sehemu yake kabla jua halijapanda, na tusimwongezee mzigo. Tunamsema yule wa ofisini, wa dukani, dereva wa bodaboda na sisi tuandikao magazeti. Shuka kituo kimoja kabla. Tembea kwenda kwenye mkutano wa jumuiya badala ya kupanda pikipiki ya shilingi elfu moja. Aliyekaa miaka mingi aanze na dakika kumi na kuongeza taratibu. Mwenye maumivu ya kifua anapopanda mlima asianze kabla hajaonwa na daktari.

Na hayo yote hayatafaa sana ikiwa jikoni mafuta ya chipsi yanachemshwa mara ya saba. Badili mafuta ya kuganda kwa ya alizeti, tena kwa kijiko, usimimine. Mchicha uliopikwa kwa robo lita ya mafuta umeacha kuwa mboga.

WANAOPASWA KUJIHADHARI

Kuna watu wa kuwatazama kwa makini zaidi kabla ya kugusa vidonge vya namna hii. Wa kwanza ni wale waliofanyiwa upasuaji wa valvu za moyo na wanaomeza warfarini ili damu isigande. Tunao katika parokia zetu, wengine ni vijana walioumwa moyo kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupambana na warfarini. Hatuwaambii waache mboga. Wale kiasi kile kile kila wiki, bila kupanda na kushuka ghafla. Unga wa majani uliokolezwa na soya iliyochachushwa ya Kijapani vinaweza kuivuruga dawa hiyo na valvu ikaziba.

Wanaotumia dawa za kufubaza VVU nao wajihadhari na mchele mwekundu uliochachushwa, kwa sababu ndani yake mna statini, na baadhi ya dawa hizo hukutana nayo vibaya mpaka misuli na figo kuharibika. Mwonyeshe mhudumu wa kliniki chupa yenyewe. Mjamzito asiutumie kabisa. Anayemeza statini ya hospitali asiongeze na hiyo, maana atakuwa amemeza dawa mbili za aina moja bila kujua kipimo.

Wapo pia wanaozaliwa na kolesteroli ya juu sana, karibu mtu mmoja katika kila 250 au 300. Ikiwa katika ukoo wenu watu hupata shambulio la moyo wakiwa na miaka thelathini au arobaini, pimeni wote, hata walio wembamba na wachapakazi. Hao hata wakitembea kutoka Moshi hadi Arusha kila wiki bado watahitaji dawa.

KAMA UNAPENDA KUIONJA

Mama atakayetaka kujaribu kabichi chachu nyumbani anahitaji kabichi ya kilo moja, vijiko vinne vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, na chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana. Osha kabichi, ikate nyembamba sana, nyunyiza chumvi na uifinye kwa mikono iliyonawishwa mpaka itoe maji yake, kama dakika kumi. Ishindilie ndani ya chupa hadi maji yaifunike kabisa. Weka kitu kizito safi juu yake. Inayochomoza juu ya maji ndiyo huota ukungu. Funika bila kukaza, maana itatoa hewa na mapovu, na chupa iliyokazwa inaweza kupasuka.

Iweke mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, pasipo jua. Lushoto au Njombe itachukua wiki tatu au nne. Dar es Salaam na Tanga huchacha upesi na hulainika, kwa hiyo tengeneza kidogo, anza kuonja siku ya tano, na ikishafikia ukali unaoupenda ihamishie kwenye friji kama lipo. Harufu yake iwe ya ukali safi kama wa ndimu. Ikiwa na utelezi, ukungu wa rangi au harufu ya kuoza, itupe yote. Kabla ya kula suuza sehemu yako kwa maji safi ya kunywa ili kupunguza chumvi, na usiipike ukitaka bakteria wake wabaki hai. Vijiko viwili vya chakula vinatosha pembeni ya ugali na maharage, na siku hiyo usiongeze chumvi mezani.